Mfalme Aliyekubali Mkewe Afe

Wagiriki wa kale walisimulia habari za Admetus, mfalme wa Pherae. Siku yake ya kufa ilipokaribia, Apollo, mmoja wa miungu yao, alimpatia nafuu: angepona iwapo mtu mwingine angekubali kufa badala yake. Baba yake, mzee Pheres, alikataa. Mama yake pia. Mkewe Alcestis, mama wa watoto wadogo, akakubali.

Watu humsifu Alcestis, na ni haki yake. Mimi namtazama mume. Katika tamthilia ya Euripides, iliyochezwa Athens mwaka wa 438 K.K., Admetus analia, anaapa kutooa tena, kisha anamlaumu baba yake kwa woga. Mzee anamjibu kwamba mwoga ni yeye, aliyemwacha mwanamke afe kwa ajili yake. Jibu kali, lakini nani atalipinga? Mke aweza kutoa kwa hiari yake kabisa, na bado ikawa kosa kwa mume kupokea. Admetus anatambua hayo baada ya mazishi, anapoogopa kuingia katika nyumba tupu.

Heracles alipambana na Kifo kaburini, akamrudisha Alcestis. Lakini hakuruhusiwa kusema na mumewe hadi siku ya tatu, na tamthilia inakwisha kabla hajafungua kinywa.