WAZO LA LEO: Damu ya Askofu Spiss

Ukipita Soni, wilayani Lushoto, utakuta Sakharani, shamba la Wabenediktini wa Ndanda lenye mizabibu mlimani. Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa misheni ya Peramiho mwaka 1898, alikuwa mtawa wa shirika hilohilo la Wabenediktini. Tarehe 14 Agosti 1905, akiwa safarini kutoka Kilwa, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Vita vya Maji Maji dhidi ya wakoloni Wajerumani vilikuwa vimewaka, wananchi wamechoshwa na kodi na kilimo cha pamba cha shuruti. Wenzake hawakuiacha kazi kwa kinyongo. Walirudi, wakajenga shule na hospitali. Unapomwombea askofu huyo, waombee pia wananchi waliokufa vitani. Kisha msamehe aliyekukosea.