Kubadili Kikombe Si Kutubu

Katika visiwa vya Fiji, Tonga na Vanuatu watu huponda mizizi ya mmea uitwao kava, wakaichanganya na maji, wakainywa. Haina pombe ndani yake, lakini hutia ulimi ganzi na kuulegeza mwili. Leo wako waisifuo kuwa ni badala ya pombe.

Sisi twauliza: sharia ilikataza jina, au ilikataza ulevi? Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kuwa kila chenye kulevya ni haramu, kiitwe vyovyote. Aliyeacha chupa, kisha akakesha penye bakuli la kava hata sala ya alfajiri ikampita, hakupata uhuru. Amebadili bwana tu.

Badala ya pombe ni toba, nayo haihitaji kikombe. Wallahu aalam.