Mtoto wa Likasi na Maktaba ya Wengine

Mwaka 1941, mji wa Likasi nchini Kongo ukiitwa bado Jadotville, alizaliwa hapo Valentin-Yves Mudimbe. Angali mdogo akaingia mikononi mwa watawa Wabenedikto, wakamlea seminarini kwa Kifaransa na Kilatini. Alijiunga na utawa Rwanda, akautoka, akasomea Ulaya, akafundisha Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani. Alipofariki Aprili 2025 alihesabiwa miongoni mwa wanafalsafa wakubwa wa Afrika. Ukitafuta mwana wa Likasi aliyefikishwa mbali na vitabu, ndiye huyo.

Kumbe huyohuyo ndiye aliyeishtaki maktaba. Katika kazi zake, hasa The Invention of Africa ya 1988, alizungumzia maktaba ya kikoloni: lundo la maandishi ya wasafiri, wamisionari, maofisa na wanaanthropolojia lililokwisha kuamua Mwafrika ni nani kabla yeye hajafungua kinywa. Balaa lake ni kwamba hata anayelipinga hulazimika kuazima maneno yake. Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyetoa La Philosophie bantoue mjini Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1945, alikusudia kuipa heshima fikra ya Wabantu. Heshima ilipatikana, lakini msemaji alikuwa ni yeye.

Basi swali linamwangukia mkutubi wa shule. Anapompa mtoto wa miaka tisa kitabu, anampa uhuru, au anamkaribisha kama mgeni katika nyumba ya wenyewe?

Swali hili lina uzito zaidi pale ambapo vitabu ni haba. Katika shule nyingi za Kongo maktaba, ikiwepo, ni kabati lenye kufuli, na vilivyomo mara nyingi ni vya msaada, kwa Kifaransa. Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi ya kufundishia mwanzoni mwa shule ya msingi, lakini mwishoni mtihani unamngoja mtoto kwa Kifaransa.

Kabla ya hilo kabati, Katanga, eneo ulipo mji wa Likasi, ilikuwa na usomaji wake. Waluba walikuwa na lukasa, kibao cha mbao cha kushikwa mkononi, kilichopachikwa shanga na simbi. Mabingwa wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye walikisoma kwa kugusa shanga hii na ile, huku wakisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ingeweza kuwa mfalme na watu wake. Na usomaji haukuwa mmoja: ulifuata msomaji, wasikilizaji na shughuli iliyowakutanisha. Katika Phaedrus ya Plato, Socrates analalamika kwamba andiko ukiliuliza swali hurudia jambo lilelile. Hakuwa ameona lukasa.

Mkutubi mbunifu angeweza kuanzia hapo. Awagawie watoto vipande vya kadibodi, gundi, vifungo vya mashati, mbegu na shanga. Kila mmoja apange safari ya familia yake: babu alitoka wapi, aliingiaje kiwanda cha shaba cha Shituru, nani alizaliwa mtaa wa Panda, nani alihamia mtaa wa Kikula. Asome kibao chake mbele ya wenzake, na kesho yake mwenzake akisome kivyake. Hapo ndipo kalamu itolewe. Mtoto aliyekuwa akisema hana cha kuandika atakuwa anabishana na mwenzake juu ya kifungo kimoja cheusi.

Anayedhani watu wa kawaida wa Katanga hawawezi kujaza rafu amtazame André Yav. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani kilitoa kijitabu alichokitunga, historia ya mji wa Élisabethville kama walivyoiona waliopika na kufua. Jina la kijitabu ni la Kifaransa, ila ndani ni Kiswahili cha Katanga, kimepigwa taipu bila kuogopa tahajia ya mtu. Ilipita miaka 25 mpaka mwanaanthropolojia Johannes Fabian akakichapisha pamoja na tafsiri, na wasomi wa dunia wakakisoma kwa makini. Kingepitia kwanza kwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu, huenda kisingetoka. Makosa yasahihishwe, sawa, lakini hadithi iishe kwanza.

Célestin Freinet, mwalimu Mfaransa, alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na jeraha la mapafu, hakuweza kuhutubia darasa kwa muda mrefu. Mwaka 1924 akaleta mashine ndogo ya chapa katika shule ya Bar-sur-Loup, watoto wakawa wanapanga herufi na kuchapa habari zao wenyewe. Likasi inaweza kuanza bila mashine. Karatasi nne zilizokunjwa, uzi, na jalada la katoni zinatosha. Cha lazima ni kijitabu kupewa namba ya rafu na kadi ya kuazimia, kikae pamoja na vitabu vya Mudimbe badala ya kubandikwa ukutani kama pambo. Mwalimu anayeogopa mtihani ana haki. Mtoto huyohuyo aiandike upya hadithi yake kwa Kifaransa. Atakuwa na jambo la kusema kwa lugha hiyo.

Ugumu hasa uko kwingine. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na stesheni ya Likasi ilijaa familia zilizolala nje zikingoja treni. Mtoto akimhoji bibi yake, hayo yanaweza kusimuliwa, na huenda mjukuu wa waliofukuza ameketi dawati hilohilo. Mkutubi hawezi kutaka maandishi ya kweli kisha akachagua ukweli upi. Anachoweza ni kumwachia mtoto na nyumba yake waamue kama kijitabu kiazimwe au kibaki kwao, na awe tayari kwa mzazi atakayekuja kuuliza kwa nini habari za ukoo wake ziko rafuni.