Mifugo ya Usiku: Nani Anabeba Dhamana ya Wakala Asiyelala?



Ndugu msomaji, kutoka Jinja hadi Mbale ni safari ya saa kadhaa kwa basi, ukipita Iganga na barabara ya Tirinyi. Kwa jua, safari hiyo ni dakika nne. Mbale iko mashariki zaidi kwa karibu digrii moja ya longitudo, na dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne. Kwa hiyo jua likishazama kwetu Mbale, mtu wa Jinja bado analiona upande wa Njeru, ng'ambo ya Mto Naili.

Ramadhani iliyopita dakika hizo nne zilipotea. Aliyezipoteza ni mimi, ingawa zilipopotea nilikuwa usingizini.

Mimi na wenzangu watatu tunatunza programu ndogo ya simu inayoonyesha nyakati za swala kwa miji ya mashariki mwa Uganda. Msimbo wake tumeuweka kwenye ghala la GitHub, na wote tunajitolea. Kazi za kuchosha ni nyingi kuliko muda wetu: kusahihisha tahajia, kupanga mafaili, kushughulikia hitilafu zinazoripotiwa na watumiaji. Mwezi wa Shaaban tukaweka mawakala wa akili mnemba. Si jambo gumu. Unaandika faili la maelekezo kwa lugha ya kawaida, unawapa ufunguo wa kuingia ghalani, unapanga saa. Wakala wa kwanza aliamka kila saa 8 usiku, akasoma orodha ya kazi, akarekebisha, akaendesha majaribio. Wakala wa pili alikagua kazi ya wa kwanza. Majaribio yakipita, badiliko linaunganishwa bila kumsubiri mtu. Asubuhi tunakuta kazi imekwisha. Nilifurahi hata nikawaambia wenzangu kuwa hii ni sadaka yetu yenye kuendelea.

(Nimesema "aliamka". Kiswahili kinamweka wakala katika ngeli ya watu na wanyama, upende usipende. Nitarudi hapo.)

Katika maelekezo niliandika: ondoa data inayojirudia. Wakala akakuta jedwali la Jinja na la Mbale yanafanana mstari kwa mstari, yakipishana dakika chache tu. Akayahesabu kuwa nakala mbili za kitu kimoja, akafuta moja, akaielekeza miji yote miwili kwenye jedwali la Mbale. Majaribio yalipita, kwa sababu tuliyaandika yaulize kama kila mji una nyakati zake tano. Hatukuyaandika yaulize kama nyakati hizo ni za mji huo. Dakika za tahadhari hatukuwa tumeongeza.

Jioni iliyofuata haji mmoja wa Jinja alinipigia simu. Alikuwa ameketi mahali panapoonekana mto, tende mkononi, adhana ya simu ikalia. Hakupandisha sauti. "Mwanangu," aliniuliza, "hili jua ninaloliona ni la nani?" Yeye hakula. Wengine walikula.

Mtu anaweza kusema dakika nne ni kitu gani. Asmaa binti Abu Bakr (r.a.) amesimulia, katika Bukhari, kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walifuturu siku ya mawingu kisha jua likatokeza. Wanachuoni wametofautiana juu ya wajibu wa kulipa siku hiyo. Ibn Taymiyya aliona haiwalazimu. Wengi, pamoja na madhehebu ya Shafi'i tunayoyafuata wengi wetu huku, wanasema italipwa. Aliyefuturu kwa kudhani hana dhambi, lakini ana deni, na deni lile lilitoka kwenye ghala langu.

Jibu lililonijia kwanza lilikuwa jepesi: si mimi, ni wakala. Nikafungua historia ya msimbo ili nijithibitishie. Badiliko lile limeandikwa saa 8 na dakika 14 usiku, kwa jina langu, maana wakala alitumia ufunguo wangu. Nilikaa nikilitazama jina hilo kwa muda mrefu.

Neno lenyewe, wakala, tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika fiqhi ni mkataba. Una anayewakilisha na anayewakilishwa, na wote wawili sharti wawe na akili. Wakili akivuka mpaka au akizembea, anabeba dhamana yeye mwenyewe. Kwa hiyo nilipojitetea kwa kusema "ni wakala", nilikuwa natafuta mtu wa kugawana naye mzigo. Mtu huyo hayupo. Programu haina dhima, haitasimama Siku ya Hesabu, na huwezi kuidai fidia. Tumeipa jina la mwenye majukumu bila majukumu yenyewe.

Nikarudi kwenye ngeli. Kama si mtu, labda mnyama? Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, wakitumwa kwa jina la Allah. Mafakihi wa Shafi'i wakaeleza maana ya kufunzwa: ukimtuma aende, ukimkemea asimame, asile alichokamata, na hayo yarudiwe mpaka ijulikane kweli amefundika. Nikayapima hayo kwa kazi yetu. Tulimjaribu mara ngapi kabla ya kumpa ufunguo? Usiku mmoja. Tungeweza kumkemea akasimama? Nani amkemee, nasi tumelala? Na katika hadithi ya Adiyy bin Hatim, ukikuta mbwa mwingine pamoja na wako, usile, kwa kuwa ulimtaja Allah juu ya wako tu. Nasi tulikuwa na mkaguzi wa pili ambaye hakuna aliyemjaribu kabisa, tukadhani kuwa wawili ni salama kuliko mmoja.

Lakini mwindaji yuko macho porini. Mfano ulionibana zaidi ni mwingine. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya ngamia wa Baraa bin Azib aliyeharibu bustani, aliamua kwamba wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye mifugo waichunge usiku. Mifugo ikiharibu usiku, mwenye mifugo analipa. Kulala kwake si udhuru, bali usiku ndio hasa zamu yake. Na kondoo waliohukumiwa na Daud na Sulaiman (a.s.), katika Suratul Anbiya, aya ya 78, walikuwa kondoo walioingia shambani usiku bila mchungaji.

Rafiki yangu anayesoma kompyuta hakukubaliana nami. Alisema jedwali la mwaka uliotangulia tulilinakili kwa mkono, na lilikuwa na makosa mengi zaidi. Ni kweli, nilikuwepo. Akasema pia kuwa tukiwafukuza mawakala, wanadamu wanne waliochoka watakosea tena. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu sikuwafukuza. Sidhani kosa letu lilikuwa kutumia chombo. Kosa lilikuwa kupanga kazi ili asiwepo mtu wa kuulizwa, kisha kuuita mpango huo ufanisi. Na kuna jambo nililomwambia ambalo hakulijibu. Badiliko lile lingekuwa zuri, ningelihesabu katika mizani yangu ya mema bila kusita. Mafakihi wanasema faida hufuatana na dhamana. Siwezi kudai thawabu za kazi iliyofanyika nikiwa nimelala, kisha nikakana hasara za kazi hiyohiyo.

Sasa mawakala bado wanaamka saa 8. Wanapendekeza tu. Hawana ufunguo wa kuunganisha, na lolote linalogusa nyakati za swala linasomwa na watu wawili, mmoja wao akiwa mkazi wa mji unaohusika. Kwa Jinja ni yule haji. Hajui msimbo, tunamsomea dakika kwa simu.

Sulaiman (a.s.), kama wafasiri wanavyoeleza, aliamua mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa. Mimi siwezi kumfungia mtu siku yake. Nilichoweza ni kupanda basi hadi Jinja Ijumaa iliyofuata, kusimama baada ya swala katika misikiti miwili, na kueleza ni siku ipi na kwa nini. Tukaweka tangazo pia kwenye programu. Kumbukumbu zetu zinaonyesha ni simu ngapi zililia Jinja jioni ile, lakini hazionyeshi ni za nani. Idadi hiyo nimeiandika kwenye daftari, na kila anayenipigia kusema amepata habari namwekea alama. Mpaka naandika haya, alama ni saba.