Mlinzi Aliyeshikwa kwa Wizi

Ugonjwa wa Crohn humla mtu utumbo polepole. Tumbo linasokota, mgonjwa anaharisha miezi nenda miezi rudi, pengine kwa damu, dawa za ameba hazifui dafu, na mwili unapukutika. Hauambukizi. Chembe za kinga zilizowekwa kupambana na vijidudu huwaka ndani ya kuta za utumbo na hazitulii tena. Kwa nini kwa huyu na si kwa pacha wake wa kufanana, ambaye mara nyingi hubaki mzima? Jeni si jibu lote, ila watafiti walianzia huko.

Jeni ya kwanza, NOD2, ilijulikana mwaka 2001. Mwaka 2006 Richard Duerr, Judy Cho na wenzao nchini Marekani wakachapisha katika jarida la Science habari za nyingine, IL23R, na hii ilikuwa habari tamu. Badiliko moja dogo ndani yake halileti ugonjwa, linaukinga: aliyezaliwa nalo, hatari yake ya kupata Crohn hushuka hadi nusu au hata theluthi. Mtengeneza dawa akisikia hivyo hapati usingizi. Ukijua maumbile yamepunguza moto wapi, nawe unaweza kuupunguza hapohapo.

Tatizo ni kwamba baadhi ya watengeneza dawa hawakuanzia hapohapo. Jeni ya IL23R hutengeneza kipokezi kinachokaa juu ya chembe T za kinga. Kipokezi hicho kikipata ujumbe uitwao intalukini-23, chembe hizo hushamiri na kumwaga ujumbe mwingine, intalukini-17. Na utumbo wa mgonjwa wa Crohn ukipimwa, intalukini-17 imejaa tele. Hoja ikajijenga yenyewe: jeni imeonyesha njia, na mwishoni mwa njia mtuhumiwa amekutwa palepale penye uharibifu. Azuiwe. Kampuni ya Novartis ilikuwa na kingamwili ya kufanya hivyo, secukinumab.

Onyo lilikuwapo. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya panya waliosababishiwa uvimbe wa utumbo kwa makusudi, kisha wakazuiwa intalukini-17. Badala ya kupata nafuu, walizidiwa. Lakini majaribio mengine ya panya yalisema kinyume, na mtu mwenye dawa mkononi husikia upesi ule ushahidi unaompa ruhusa. Siwalaumu sana. Panya wamewadanganya wanasayansi pande zote mbili.

Wakaandikishwa wagonjwa 59 wenye Crohn iliyochachamaa. Kwa kila watatu, wawili waliwekewa dripu ya dawa na mmoja dripu isiyo na dawa, bila kujua nani kapata nini. Kipimo chenyewe hakina makuu: kila siku mgonjwa huandika kwenye daftari ameharisha mara ngapi, tumbo limemuuma kiasi gani, siku nzima amejisikiaje. Majibu ya wiki nzima hugeuzwa kuwa alama, na alama zikipanda ndiyo ugonjwa unapanda.

Waliopewa dawa wakawa na alama za juu kuliko wenzao. Jaribio likakatishwa kabla ya wakati wake. Taarifa iliyotoka mwaka 2012 katika jarida la Gut ilisema waziwazi kwamba dawa haikufaa, na waliopewa dripu tupu walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Upande wa dawa yalihesabiwa maambukizi 20, manne yakiwa ya kuvu. Upande wa pili hakuna hata moja.

Hayo ya kuvu ndiyo yaliyotoboa siri. Intalukini-17 huziamuru chembe za ukuta wa utumbo zitoe protini za kuua vijidudu, na huwaita askari wa damu dhidi ya kuvu kama Candida. Mwaka 2015 tafiti za panya zikaongeza kwamba husaidia kuzishikanisha chembe za ukuta huo zisiachiane. Ilijaa mahali palipoharibika kwa sababu ileile inayomfanya mlinzi wa zamu akutwe kwenye nyumba iliyovunjwa. Ukuta ulio dhaifu tayari ukaondolewa mlinzi wake, na inaelekea bakteria wa utumboni wakapenya.

Jeni haikusema uongo hata kidogo. Ilitaja intalukini-23, waliofikia intalukini-17 walifika kwa miguu yao wenyewe. Takwimu za maelfu ya watu huweza kukuonyesha kwamba sehemu fulani ya kinga inahusika na ugonjwa, lakini hazikuambii, katika yote yanayotoka sehemu hiyo, lipi linaunguza na lipi linaziba nyufa. Waliozuia intalukini-23 yenyewe walifanikiwa: Marekani iliidhinisha ustekinumab kwa Crohn mwaka 2016, kisha risankizumab mwaka 2022. Dawa nyingine, brodalumab, inayofunga kipokezi cha intalukini-17, ilijaribiwa kwa Crohn nayo ikasimamishwa kwa sababu wagonjwa walizidi kuumwa.

Secukinumab haikutupwa. Mwaka 2015 iliidhinishwa Marekani kwa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi yenye magamba, na huko inafanya kazi nzuri sana, maana ngozini intalukini-17 kweli ndiyo mchokozi. Ila maelezo ya dawa yanaonya kuhusu magonjwa ya uvimbe wa utumbo. Daktari wa ngozi aliye makini, kabla ya kuandika sindano ya kwanza, huacha magamba ya kiwikoni kwa muda akauliza habari za choo, na kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua Crohn.