Mchungaji Naye Anahesabu



Hivi, kuhesabu ni jambo jema au baya? Sisi wa Tabora tulijibu taratibu. Misafara ya zamani kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipita hapa kwetu. Pembe za ndovu zilihesabiwa, na watu waliofungwa minyororo nao wakahesabiwa. Kumbe hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikawa dhambi.

Sasa twende magharibi, kwenye miombo ya Ugalla. Huko wanaishi sokwe, wanyama walio hatarini kutoweka. Kuwaona ni kazi, maana ni wachache na wanazunguka eneo kubwa. Kwa hiyo watafiti wanahesabu viota. Kila jioni sokwe hukunja matawi na kujitengenezea kitanda juu ya mti. Mtafiti anatembea kwa mstari ulionyooka, anatazama juu, anaandika: kiota kibichi au kikavu, na kiko wapi. Ramani inakua hivyo, kiota kwa kiota. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, Mahale tangu 1985, lakini sokwe wetu wengi wako nje ya hizo mbili. Ardhi ikigawanywa, nani atamkumbuka asiyeandikwa popote?

Mfanyabiashara anahesabu ili ajue amepata nini. Mchungaji anahesabu ili ajue nani hayupo. Yule wa Injili mwenye kondoo mia, angejuaje mmoja amepotea? Ila hakuishia kwenye namba, aliondoka akamtafuta. Hesabu yake ilimdai yeye mwenyewe.

Hapo ndipo inaponichoma. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye tumbaku ya baba, na tumbaku ile ilikaushwa kwa kuni za miombo. Baba hakuwa mtu mbaya, alikuwa ananisomesha. Mimi nilihesabu alama zangu za mtihani. Miti ile sikuihesabu hata siku moja.

Mtu atasema: watu wana shida, wewe unahesabu sokwe? Lakini msitu uleule ndio unaotupa asali na kutunza maji. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya 2015, alikataa kutenganisha maskini na dunia wanayoishi.

Likizo hii nitaketi na baba, tuhesabu pamoja miti iliyobaki shambani. Nawe, rafiki, hesabu kitu kimoja kinachopungua kwenu. Kisha muulize Bwana katika sala: hesabu hii inanidai nini?