Kungojana Kwenye Transfoma Moja

Pikipiki ya umeme haitoi moshi, na nchini Kenya sehemu kubwa ya nguvu inayojaza betri yake hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Ni rahisi basi kudhani kwamba mwenye pikipiki hiyo ameshatimiza wajibu wake kwa viumbe vya Mungu na hana deni kwa yeyote. Deni lipo. Tendo lenye heri kwa dunia nzima laweza kumdhulumu jirani kwa sababu ya saa lilipofanywa, na katika vijiji vya chai kama Boito, kaunti ya Bomet, swali hili huingia pamoja na kila betri inayochomekwa ukutani.

Stima haikai ndani ya waya ikisubiri mtu. Inayotumika sasa ndiyo inayozalishwa sasa, na kila anayewasha kitu huchota palepale wanapochota wengine. Mwaka 2025 mahitaji ya Kenya katika kilele cha jioni yalivuka megawati 2,300. Usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu, na mvuke wa Olkaria huachiliwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji. Mwishoni mwa 2024 Rais Ruto alikiri kwamba baadhi ya maeneo yalikuwa yakikatiwa stima kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Nchi moja, siku moja, ina njaa na makombo. Mtu atasema pikipiki hizi ni kitu kidogo: betri ya boda boda hubeba yuniti tatu hivi, na ikichajiwa kwa saa nne huvuta chini ya kilowati moja, pungufu ya birika la umeme. Ni kweli, na kwa gridi ya taifa hoja hiyo inatosha kwa sasa. Lakini anayeishi Boito hushiriki kwanza transfoma iliyo juu ya nguzo karibu na kwake. Mradi wa Last Mile, uliozinduliwa 2015, ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, nyingi zikiwa za taa chache, redio na simu. Betri kumi zikichomekwa pamoja saa moja jioni zinaongeza kilowati saba au nane juu ya pasi, televisheni na kinu cha posho. Nyumba ya mwisho kwenye laini ndiyo hupata mwanga hafifu, na transfoma ikiungua, giza humkuta hata asiyewahi kuipanda pikipiki hiyo.

Mtume Paulo alikutana na kosa la namna hii Korintho. Katika sura ya 11 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, chakula kilikuwa halali na karamu ilikuwa ya Bwana. Alichokemea ni kutangulia, kila mmoja na chake, hata huyu akalewa na yule akabaki na njaa, akawaagiza wangojane. Na tumwangalie aliyekemewa: ni mwenye navyo, wala si aliyekuja mikono mitupu. Hapo ndipo ninapopata jibu kwa wanaouliza, tena kwa haki, kwa nini kijana wa boda boda wa steji ya Boito aambiwe asubiri kuchaji wakati majengo ya Nairobi yanawaka usiku kucha. Zamu ya kungoja isipangwe kwa unyonge wa mtu. Ipangwe kwa kile kinachoweza kungoja. Majani ya chai yaliyochumwa leo hayangoji: yakikosa hewa ya feni wakati wa kunyaushwa, yanaharibika. Mtoto wa shule mwenye kazi ya kesho hangoji. Mgonjwa wa hospitali ya Tenwek hangoji, na hospitali hiyo ilijijengea mtambo wake wa umeme wa maji kwenye mto Nyangores. Betri hungoja, kwa maana mwenyewe akilala, nayo yaweza kujaa hadi alfajiri.

Ila anayengoja asiachwe angoje bure. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari na pikipiki: shilingi 16 kwa yuniti saa za kilele, shilingi 8 nje ya kilele. Naona ni uamuzi wa haki, lakini uliwekewa mpaka wa matumizi ya yuniti 200 hadi 15,000 kwa mwezi. Betri ya yuniti tatu ikijazwa kila siku haifiki mia. Kijana anayevumilia hadi saa nne usiku analipa bei ileile ya nyumbani, na nafuu inamwendea mwenye kituo cha kuchajia. Wapo watakaosema vituo vya kubadilishia betri ndiyo njia bora, kwani mwenye kituo mmoja anaweza kupanga saa za betri mia. Nakubali, lakini biashara hufuata wateja wengi, na njia za chai hazitakuwa za kwanza kuvipata. Wengine watasema mitambo mipya itamaliza ubishi, ilhali kisima kipya cha mvuke hakiongezi uwezo wa transfoma ya kijijini. Maadamu mita ya mwendeshaji haitofautishi saa moja jioni na saa sita usiku, lawama ya kuchaji mapema si yake peke yake. Bei hizo zilipangwa kwa kipindi cha 2023 hadi 2026, na zinazofuata zinapaswa kumpa shilingi 8 hata mteja wa yuniti tisini.